Ukinzani, Ustahimilivu na Usugu: Ukoo wa Jeni za Kujikinga na Maradhi katika Muhogo wa Kwapa, Mpakani mwa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna jeni zinazoiwezesha mimea kujikinga na maradhi zilivyozaliana, kutofautiana na kufa katika historia ndefu ya mimea. Mfano mkuu ni muhogo, zao linalolimwa Kwapa wilayani Tororo na ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Busia. Tunaonesha kwamba kundi kubwa la jeni za kujikinga alilolirithi muhogo kutoka Amerika Kusini silo lililouokoa dhidi ya batobato, bali badiliko dogo katika jeni isiyo ya kundi hilo kabisa. Kutokana na ukweli huo, tunajadili maneno matatu yanayotumiwa kana kwamba yana maana moja, yaani ukinzani, ustahimilivu na usugu, na tunapendekeza yatenganishwe katika vibandiko vya mbegu, miongozo ya ugani na nyaraka za afya ya mimea za Afrika Mashariki. Tunapendekeza pia istilahi ya ukoo wa jeni badala ya familia ya jeni.

Utangulizi

Kata ya Kwapa iko wilayani Tororo, upande wa Uganda, jirani na mji wa mpakani wa Malaba. Ng'ambo yake ni Kaunti ya Busia, Kenya. Mpaka huu una umri mdogo kuliko koo za watu wanaoishi kandokando yake: mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati huo na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na tangu hapo Wateso wamekuwa raia wa nchi mbili. Wanaoana, wanazikana na kufanya biashara pamoja. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba wanapeana pia pingili za muhogo. Mkulima aliyepoteza shamba kwa maradhi huenda kwa shemeji au kwa binamu, akarudi na mzigo wa vijiti mgongoni au kwenye baiskeli, na hakuna anayemwuliza cheti.

Katika mazingira hayo neno moja la Kiswahili lina uzito mkubwa. Muuza pingili akisema mbegu yake ni sugu, mnunuzi huelewa kwamba haitaugua. Afisa ugani akiandika mbegu kinzani, huenda alikusudia jambo tofauti. Na mtafiti aliyeandika ripoti ambayo afisa huyo aliisoma alikusudia jambo la tatu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki kukikubali katika shughuli zake, nyaraka za kilimo za pande zote mbili zitazidi kuandikwa kwa lugha hii. Ni vyema basi istilahi zake zisimame juu ya biolojia yenyewe badala ya mazoea, na kwa hiyo sehemu kubwa ya makala haya ni maelezo ya biolojia hiyo, kwa kadiri mwanaisimu anavyoweza kuyatoa kwa wanaisimu wenzake na kwa washauri wa sera.

Mmea hujikinga vipi?

Mmea hauna damu wala kingamwili. Hauna askari wanaozunguka mwilini kutafuta adui. Kila seli ni lazima iwe na walinzi wake yenyewe. Walinzi hao wamegawanyika katika safu mbili. Safu ya kwanza iko juu ya utando wa seli, nayo hutambua alama za jumla ambazo vimelea vingi huwa nazo, kama vile vipande vya kuta za kuvu au vya mikia ya bakteria. Safu ya pili imo ndani ya seli, nayo hutambua silaha mahususi ambazo kimelea huziingiza ili kuizima safu ya kwanza.

Walinzi wa safu ya pili ni protini zinazotokana na kundi kubwa la jeni ambalo wataalamu hulitaja kwa kifupisho NLR. Kila protini ya kundi hili ina sehemu tatu. Katikati ipo sehemu inayoshika molekuli ya nishati na kufanya kazi kama swichi. Mwishoni ipo sehemu ndefu yenye kipande kinachojirudiarudia, iliyojikunja kama mundu, ambayo aghalabu ndiyo inayomgusa adui au inayohisi uharibifu aliouleta. Mwanzoni ipo sehemu ya kutoa ishara, nayo huja kwa maumbo makuu mawili, na tofauti ya maumbo hayo imetumika kuligawa kundi zima katika matawi. Swichi ikiwaka, protini hizi huungana. Mwaka 2019 watafiti wa China walionesha umbo la muungano mmojawapo: protini tano za mlinzi aitwaye ZAR1 zimeshikana kama gurudumu lenye pua katikati. Aghalabu matokeo yake ni kwamba seli iliyoshambuliwa hujiua, na kimelea hufa njaa humo ndani. Kidoa kidogo kikavu kwenye jani la mmea wenye afya mara nyingi ni kaburi la namna hiyo.

Msingi wa maarifa haya uliwekwa na Mmarekani Harold Flor, aliyetafiti kutu ya kitani huko North Dakota katika miaka ya 1940. Alibaini kwamba kwa kila jeni ya mmea inayozuia kutu, ipo jeni moja katika kuvu inayolingana nayo. Kuvu ikiipoteza au kuibadilisha jeni hiyo, mlinzi hamwoni tena adui. Mmea haujabadilika hata kidogo, lakini umekuwa mgonjwa. Msomaji aishike sentensi hiyo, kwa kuwa tutaihitaji tutakapofika kwenye neno usugu.

Kwa nini ukoo na si familia

Jeni za NLR ni nyingi, na wingi wake hutofautiana sana baina ya mimea. Mpapai una takriban 55 tu. Arabidopsis, mmea mdogo unaopendwa na maabara, una takriban 150. Mpunga unakaribia 500. Muhogo ulihesabiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukakutwa na jeni 228 zilizo kamili na nyingine 99 zilizo pungufu, jumla 327, ambazo ni karibu asilimia 1 ya jeni zake zote. Zote zina asili moja ya mbali. Hata mosi, ile mimea midogo inayoota kwenye mawe yenye unyevu, wanazo jamaa zake.

Kwa hali hiyo istilahi inayozoeleka ya familia ya jeni haitoshi. Katika Kiswahili familia ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Ukoo ni jambo jingine: ni watu wa asili moja, wakae pamoja au wasikae, wafanye kazi moja au wasifanye, na miongoni mwao wamo waliokwishakufa. Ukoo una milango, na mlango una matumbo. Msomaji Mteso ataelewa haraka zaidi, maana ateker yake ina watu Kwapa, Amukura na hata Soroti, na haipungui kuwa moja kwa sababu ya kutawanyika. Jeni zenye asili moja zinaishi hivyohivyo. Tunapendekeza basi ukoo wa jeni, mlango kwa tawi kubwa, na mtaa kwa jeni za ukoo mmoja zilizopangana bega kwa bega kwenye kromosomu. Katika muhogo asilimia 63 ya jeni hizo 327 zimekaa katika mitaa 39, na mtaa mmoja kwa kawaida hukaliwa na jeni zilizotoka kwa babu wa karibuni.

Mitaa hiyo ndiyo karakana ya mageuzi. Kromosomu mbili zinapokutana wakati wa kutengeneza chavua au yai, hubadilishana vipande. Mahali palipo na jeni nyingi zinazofanana, mashine ya seli hukosea mahali pa kukata: kromosomu moja hutoka na nakala ya ziada na ya pili hutoka na upungufu. Nakala ya ziada si mzigo mara moja. Ile ya kwanza inaendelea na zamu yake ya ulinzi, na ya pili inakuwa huru kubadilika. Nyingi huharibika na kubaki mabaki yasiyofanya kazi, ndiyo maana hesabu ya muhogo ina jeni pungufu 99. Chache hupata uwezo wa kumtambua adui mpya. Richard Michelmore na Blake Meyers, walioandika juu ya jambo hili mwaka 1998, waliueleza mwenendo huo kuwa ni wa kuzaliwa na kufa, na sifa yake kubwa ni kwamba mabadiliko hukusanyika zaidi katika ile sehemu ya mwishoni inayomgusa adui. Huko uteuzi wa kimaumbile hupendelea utofauti. Katika sehemu ya swichi hupendelea utulivu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mimea isilimbikize walinzi elfu kumi na kumaliza kazi. Jibu ni gharama. Mwaka 2003 ilipimwa jeni moja tu ya Arabidopsis iitwayo RPM1, na mimea iliyokuwa nayo, mahali pasipo na adui wake, ilitoa mbegu pungufu kwa takriban asilimia 9. Mlinzi asiye na kazi hula. Zaidi ya hapo, swichi inayoweza kuwaka bila sababu ni hatari kwa mwenyewe. Hivyo ukoo hukua unaposhambuliwa na hupungua unapostarehe, na idadi tunayoihesabu leo ni picha iliyopigwa njiani.

Kuna mlango mmoja mzima uliokatika. Nafaka zote, yaani wimbi, mtama, mahindi, mpunga na ngano, hazina jeni za mlango ule ambao sehemu yake ya mwanzoni wataalamu huiita TIR. Muhogo unazo, katika hesabu ya 2015 zilikuwa 34, dhidi ya 128 za mlango wa pili. Kwa hiyo katika shamba moja la Kwapa ambamo wimbi na muhogo vimepandwa jirani, vimesimama viumbe wenye historia mbili za ulinzi zilizoachana kitambo. Wimbi, ambalo ni zao la kale la Afrika Mashariki, linapambana na kuvu ya blasti inayokausha shingo na masuke kwa mlango mmoja tu wa walinzi. Ni kosa kudhani kwamba kinachofaa kwa zao moja kitafaa kwa jingine kwa sababu tu vyote viwili huitwa mbegu bora.

Ukoo uliofundwa mbali

Muhogo ulifugwa kusini mwa bonde la Amazon. Ulipita mikononi mwa Wareno hadi Afrika, ukaenea kutoka pwani na visiwani, ukafika maeneo ya Uganda katika karne ya 19. Jina lake linasimulia safari: muhogo wa pwani ni muwogo kwa Waganda na emuogo kwa Wateso.

Lakini virusi vya batobato havipo Amerika. Ni vya Afrika na Asia Kusini, na wataalamu wanaamini vilitoka kwenye mimea ya asili ya hapa. Mjerumani Warburg aliueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Maana yake ni kwamba ukoo wa NLR wa muhogo ulifundwa kazi kwa maelfu ya miaka dhidi ya maadui wa Amazon, kisha mmea ukapelekwa ugenini, kwa maadui ambao hakuna hata mlinzi wake mmoja aliyewahi kuwaona.

Ugeni huo ungeweza kurekebishwa na mageuzi kama muhogo ungezaana kwa mbegu. Haukuzaana hivyo. Pingili ni nakala ya mama yake, jeni kwa jeni. Ile karakana tuliyoieleza, ya kromosomu kukutana na kukosea, hufanya kazi wakati wa maua tu. Shamba la pingili limeifunga karakana. Kimelea hakikufunga yake: mwaka 1997 watafiti walitangaza kwamba kirusi kilichokuwa kikiangamiza muhogo wa Uganda kilikuwa chotara, kilichopatikana baada ya virusi viwili vya batobato kukutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande vya DNA. Mbinu ileile iliyokuza ukoo wa walinzi ilikuwa imetumiwa na mshambuliaji, na kwa kasi zaidi.

Matokeo yake mashariki mwa Uganda yanajulikana. Ugonjwa mkali ulioonekana kaskazini mwa Kampala mwishoni mwa miaka ya 1980 ulisogea takriban kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, ukabebwa na nzi weupe kwa umbali mfupi na na pingili kwa umbali mrefu. Katika Teso wakulima wengi walikuwa wamepanda aina moja iliyopendwa, Ebwanateraka. Shamba lote lilikuwa mmea mmoja uliokatwakatwa. Ilipougua, iliugua yote. Njaa iliripotiwa mashariki mwa Uganda katika miaka ya 1990, na katikati ya muongo huo ugonjwa ulikuwa umevuka na kuingia magharibi mwa Kenya.

Njia ya Amani, njia ya Nigeria

Msaada ulitoka pande mbili, na zote mbili zinafaa kuelezwa kwa sababu ni ukinzani wa namna tofauti.

Njia ya kwanza ilianzia Amani, katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuupandisha muhogo na ndugu zake wa porini. Mmojawapo alikuwa mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda Tanganyika kwa ajili ya utomvu. Kazi ikaendelezwa na D. L. Jennings hadi miaka ya 1950, na vizazi vyake vikapelekwa Nigeria. Kutoka huko taasisi ya IITA, Ibadan, ilitoa aina zilizopewa herufi TMS. Mojawapo, TMS 30572, ilirudi mashariki na kutolewa kwa wakulima wa Uganda kwa jina la NASE 3, ambayo wengi huijua kwa jina la Migyera. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 nyenzo za aina hizo zilivushwa hadi Kenya kupitia shamba la karantini ya wazi upande wa Busia. Tukisoma DNA ya mihogo ya leo, vipande vya ule mpira bado vinaonekana katika kromosomu ya 1 na ya 4. Ukinzani wa asili hii hauna jeni moja inayoweza kunyoshewa kidole. Ni mchango wa jeni nyingi, kila moja kidogo.

Njia ya pili inashangaza zaidi. Katika mihogo ya kienyeji ya Nigeria ilipatikana aina chache ambazo batobato ilishindwa kuzidhuru, na mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba siri yake iko mahali pamoja, pakaitwa CMD2, ambapo baadaye palionekana kuwa katika kromosomu ya 12. Wengi walitarajia kumkuta mlinzi wa ukoo wa NLR. Ilichukua miaka 20. Mwaka 2022 ilichapishwa kwamba badiliko linaloambatana na ukinzani huo limo katika jeni ya kimeng'enya cha kunakili DNA, kazi ya kila siku ya kila seli hai. Kirusi cha batobato hakina kimeng'enya chake cha kunakilia. Huazima cha mmea. Katika mihogo hiyo herufi moja ya protini imebadilika, na inaelekea kirusi hakiwezi tena kukitumia chombo kile vizuri, ilhali mmea unaendelea kukitumia.

Hakuna mlinzi hapo. Hakuna utambuzi, hakuna swichi, hakuna seli inayojiua. Ni kama mwizi aliyezoea kuazima jembe la mwenye nyumba akikuta mpini umebadilishwa, na mkono wake hauushiki.

Tofauti hii inaeleza maafa yaliyofuata. Mwaka 2004 ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao Storey aliuelezea mwaka 1936 na ambao ulidhaniwa kuwa wa pwani na nyanda za chini ya mita 1,000, ulionekana upya katikati mwa Uganda. Aina TME 204, yenye CMD2 na iliyosimama imara mbele ya batobato, iliangushwa vibaya na michirizi. Virusi vya michirizi vina jenomu ya RNA na hubeba kimeng'enya chao wenyewe. Havikuhitaji jembe la mtu. Mkulima aliyeambiwa kwamba TME 204 ni sugu hakudanganywa kwa makusudi. Aliambiwa nusu ya sentensi.

Maneno matatu

Sasa turudi kwenye lugha.

Sugu, kama nomino, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: sugu ya mkono wa mlimaji, sugu ya paji la uso la mwenye kusujudu sana. Kama kivumishi, neno hilo limepanuka hadi maradhi sugu, mhalifu sugu, na vimelea vilivyo sugu kwa dawa. Katika matumizi yote hayo yamo mawazo mawili: hali iliyopatikana kwa mazoea, na hali isiyotoka tena. Yote mawili ni ya uongo kwa mmea. Jeni ya muhogo haikomai kwa kuugua, na pingili ya mmea mgonjwa haitatoa mmea uliozoea ugonjwa bali mgonjwa mwingine. Wala hali hiyo si ya kudumu. Ushahidi wa pili uko palepale Uganda: mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kalengyere, ngano yenye jeni Sr31, iliyokuwa imeilinda ngano ya nchi nyingi dhidi ya kutu ya shina kwa miongo kadhaa, ilipatwa na kutu aina mpya, ambayo dunia huiita Ug99. Ngano haikubadilika. Kuvu ndiyo iliyobadilika, kama Flor alivyoonesha kwa kitani. Zaidi ya yote, neno moja haliwezi kutumika kwa mmea na kwa kimelea katika aya moja bila msomaji kupotea, na sisi tumesoma miongozo ambamo usugu wa mbegu na usugu wa wadudu vinafuatana mstari kwa mstari. Tunapendekeza usugu uachiwe vimelea na wadudu waliozoea dawa.

Ukinzani unatokana na kukinza, yaani kupinga. Kupinga ni lazima kuwe dhidi ya fulani. Hiyo ndiyo faida ya neno hili: linadai yambwa. Mbegu kinzani ni sentensi isiyokamilika, na sarufi yenyewe inamlazimisha mwandishi aseme kinzani kwa nini. Likubaliwe kwa mmea ambao kirusi au kuvu hushindwa kuzaana ndani yake au huzaana kwa shida, iwe kwa mlinzi wa NLR, iwe kwa jembe lililobadilishwa mpini.

Ustahimilivu ni jambo la tatu, na mpakani ndilo lenye hatari zaidi. Mmea stahimilivu umeambukizwa. Kirusi kimo, kinazaana, lakini mavuno hayapungui sana. Aina kama NASE 14 na NAROCASS 1 zilitolewa Uganda zikiwa kinzani kwa batobato na stahimilivu kwa michirizi. Kwa mwenye shamba hizo ni habari njema. Kwa jirani yake mwenye aina ya zamani, shamba hilo ni hazina ya virusi, na nzi weupe hawajui mipaka ya mashamba. Michirizi pia ni ugonjwa wa siri: majani yanaweza kuonekana mazuri hadi siku ya kung'oa, mizizi ikapasuliwa na kukutwa imeoza kwa ndani. Pingili zilizokatwa kutoka kwa mmea stahimilivu unaoonekana mzima ndizo zinazobebwa kutoka Kwapa hadi Busia, au kinyume chake, na kwa umbali mrefu ugonjwa huu husafiri hasa kwa njia hiyo. Afisa anayetafsiri ustahimilivu kuwa ukinzani anamwambia mkulima kwamba vijiti hivyo ni salama kupeana. Si salama.

Nyaraka za mpakani

Suala hili limeongezewa uzito na sheria. Mwezi Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo uliobadilishwa kijenetiki, unaojulikana kwa nambari 4046, ulio kinzani kwa michirizi kwa njia nyingine tena: mmea hutengeneza vipande vidogo vya RNA vinavyofanana na vya kirusi na kuvitumia kukiharibu kirusi kinapoingia. Nchini Uganda, muswada wa sheria ya usalama wa kibayolojia uliopitishwa na Bunge mwaka 2017 ulirudishwa na Rais bila kutiwa saini. Kwa macho, kijiti cha muhogo huo na kijiti cha muhogo mwingine havitofautiani. Iwapo utasambazwa kwa wakulima wa Busia, kibandiko ndicho kitakachokuwa alama pekee, nacho kitasomwa kwa Kiswahili pande zote mbili.

Kwa hiyo tunaishauri Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na taasisi za utafiti wa kilimo na za ukaguzi wa afya ya mimea za nchi hizi mbili, kwamba kila kibandiko na kila cheti kitaje jina la ugonjwa kwa Kiswahili, kisha kiseme kama aina hiyo ni kinzani au stahimilivu kwa ugonjwa huo, kisha kieleze kwa sentensi moja namna ya ukinzani wenyewe. Maneno yafuatayo yanatosha kwa aina ya tatu ya mfano wetu: *Kinzani kwa batobato. Stahimilivu kwa michirizi ya kahawia: mmea unaweza kuwa na kirusi bila dalili, usigawe pingili zake bila kupimwa.* Kuhusu namna ya ukinzani, tofauti inayomhusu mshauri wa sera ni kama unategemea jeni moja au nyingi. Eneo zima linalotegemea CMD2 peke yake limejiweka mahali ambapo ngano ilikuwa na Sr31, hata kama jeni yenyewe si ya ukoo wa walinzi, na mpango wa kusambaza mbegu unapaswa kuchanganya asili ya Amani na asili ya Nigeria badala ya kuchagua moja.

Kuna pia karakana iliyofungwa. Miche ya muhogo hujiotea kwa mbegu pembezoni mwa mashamba, na kila mche ni mchanganyiko mpya wa jeni. Wakulima wa Kimakushi wa Guyana wamechunguzwa wakiiacha ikue, wakichagua mizuri na kuiingiza katika hazina yao ya pingili. Miongozo mingi ya ugani ya kwetu huiita magugu na kuagiza ing'olewe. Istilahi ya mche wa mbegu, itofautishwe na pingili, haimo katika miongozo ya Kiswahili tuliyoipitia, na bila jina ni vigumu kuagiza chochote kingine juu yake isipokuwa kung'oa.

Kazi iliyobaki ni ya Kiteso na Kidhopadhola. Kiswahili ni lugha ya kibandiko na ya soko la Malaba, lakini uamuzi wa kupanda hufanywa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Maneno ya kutofautisha mmea usioingiliwa na ugonjwa na mmea unaouvumilia yakusanywe kutoka kwa wazee na wanawake wanaolima, pande zote mbili za mpaka, kabla ya kamati kuyatunga.